Nyumba ya Magogo ya Kina Brekke

Jirani yetu Torvald Brekke, mkulima wa ngano hapa Dakota Kaskazini, alikuwa mjane na hakuwa mtu wa matembezi. Jumapili moja bintiye Marlys akaja. "Baba, vaa koti, twende tukaone kile kijiji cha walowezi."

Mzee akamwangalia kama anayeangalia mbwa asiye wake. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Kutembea tu."

Kijiji kilikuwa kimejengwa upya kando ya barabara kuu: kanisa, shule, karakana ya mhunzi, vyote vimeng'olewa mashambani kwa watu na kupangwa pamoja kwa ajili ya watalii. Wasichana waliovaa magauni ya kizamani walisukasuka maziwa kupata siagi. Torvald hakuwa na habari na siagi. Alikuwa akimchunguza bintiye, ambaye kwenye kila nyumba alisema, "Ona walivyoitunza, Baba. Hata haivuji."

Msimamizi, Gordon Aasen, akatokea na kahawa na pai ya tufaha. "Karibu, Bwana Brekke."

"Jina langu umelipata wapi?"

Gordon akamtazama Marlys. Marlys akatazama viatu vyake.

"Ile nyumba ya magogo ya bibi yako inaoza kule nyuma ya ghala lako," Gordon akasema taratibu. "Tumeiachia nafasi pale kwenye nyasi."

"Nafasi mmeshaiacha kabla ya kuniuliza. Sasa ndiyo mnanilisha pai nikubali."

"Baba, haikaliwi na mtu. Unaing'ang'ania ya nini?"

Torvald akaweka uma chini, akamkazia Gordon macho mpaka Gordon akaona haya na kwenda zake. Ndipo akamwambia bintiye, "Bibi alizaa pacha katikati ya theluji, wakafa. Nje ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, haichimbiki. Babu akabandua mbao za sakafu, akawazika humo ndani, karibu na jiko, mahali moto ulipolainisha udongo."

Marlys akasukuma pembeni sahani yake ya pai. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nikwambie, uje umwambie huyu wa pai?"

 Marlys akainuka, akamfuata Gordon, akamwambia nyumba haitoki.

Kiangazi kile Marlys alipanda mwenyewe juu ya paa la nyumba ya magogo, akalipigilia upya, baba yake ameshika ngazi. Alipoondoka, mzee alipanda kukagua misumari. Na hadi leo lori likipunguza mwendo mbele ya shamba, Torvald hutoka akasimama mlangoni pa nyumba ya magogo.