Vigingi vya Malisho ya Lurujo

Lori la jeshi lilipokuja malishoni, nilikuwa nimerudi kijijini Lurujo kwa mama yangu kusubiri kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa amebaki Arua kwenye chumba chetu cha mtaa wa Oli. Tuliagana akiniambia kijijini ndiko salama. Mjini watu walikuwa wakichukuliwa mchana kweupe, na wake zao wakiambiwa wasiulize. Nami niliamini hivyo hivyo, kwamba mabaya yale hayajui njia ya kufika kwetu.

Malisho yetu yalikuwa bonde pana lenye nyasi ndefu, na hakuna mtu aliyeweza kusema ni lake peke yake. Ng'ombe wa ukoo mzima walilishwa pale. Wanawake walikata nyasi za kuezekea pale. Upande wa juu, penye mawe, walizikwa wakubwa wa ukoo, baba yangu akiwa mmojawapo. Chini kulikuwa na chemchemi isiyokauka hata kiangazi kikikaza.

Askari walishuka na mpima ardhi aliyevaa viatu vya mjini, wakaanza kupigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kuanzia kwenye chemchemi kupanda hadi makaburini. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alitoka shambani kuwauliza kuna nini. Askari mmoja alimjibu bila kumtazama.

"Hii mahali sasa ni ya mukubwa. Ngombe yenu yote itoke. Tukirudi hatutaki kuona mutu hapa."

Mkubwa huyo tulimjua. Alikuwa ofisa wa jeshi, mzaliwa wa Koboko, na mama yake aliishi pale mjini Koboko katika nyumba ya saruji aliyomjengea. Redio ilikwisha kutangaza kwamba ardhi yote ya nchi ni ya serikali. Sisi tulidhani hayo ni mambo ya Kampala.

Jioni ile ukoo ulikusanyika uani kwa baba mdogo. Wanaume walizungumza kwa sauti ya chini, na kila mbwa alipobweka walinyamaza. Mmoja alisema afadhali tuhame tukiwa na miguu yetu. Mwingine akauliza, tuhamie wapi, na wafu tuwaachie nani? Mwishowe macho yote yakamwelekea mama yangu.

Mama hakuwa mzaliwa wa Lurujo. Alikuwa Mnubi wa Arua, binti wa askari wa zamani wa Mwingereza, amekulia kambini. Alijua Kiswahili cha jeshi, na alijua cheo cha mtu kwa kutazama bega lake. Miaka yote wanaume wa ukoo walimwita mwanamke wa mjini asiyejua kushika jembe. Siku ile baba mdogo alimwambia, "Shemeji, sisi hatuna ulimi wa kusema na watu hawa. Wewe unao."

Mama akasema, "Nitasema. Lakini msiniache nisimame peke yangu."

Kesho yake walikwenda kwa chifu wa gombolola, tarafa yetu. Walirudi mapema mno, nikajua hakuna kitu. Chifu aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema tu, "Hata mimi nina watoto," akafunga mlango.

Siku iliyofuata mama aliwakusanya wanawake. Alisema tukienda gizani watatuita wezi, kwa hiyo tutakwenda jua likiwa juu, kila mtu aone. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha mtama, tumbo limenielemea, nikawatazama wakishuka bondeni na majembe. Waling'oa vigingi kimoja kimoja. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga kigelegele. Walivifunga matita kama kuni, wakajitwika, wakaenda navyo barabarani hadi gombolola. Niliambiwa baadaye kwamba mama alitua tita lake miguuni pa askari wa zamu, akamwambia, "Afande, watu yenu walisahau vitu huku kwetu. Sisi si wezi. Tumerudisha." Yule askari, kijana, alicheka. Hakujua la kufanya zaidi ya kucheka.

Nilimsubiri mama nikiwa nimeshika mlango. Aliporudi nilitaka kumkemea, lakini nilipomshika mkono niliukuta baridi kama samaki. Alikuwa akiogopa kuliko mimi.

Halafu pakawa kimya. Ng'ombe walirudi bondeni. Watu wakaanza kuamini mambo yamekwisha.

Gari lilikuja asubuhi moja, dogo, jeupe, halina namba. Mama alikuwa amekwenda kusaga mahindi. Baba mdogo alikuwa akivuna ufuta karibu na uwanja wetu, shati lake amelitundika kichakani. Walishuka wanaume watatu wenye nguo za kiraia. Mmoja alimwita kwa upole kabisa.

"Mzee, kuja kidogo. Iko maneno tunataka kuuliza. Utarudi sasa hivi."

Baba mdogo alilitazama shati lake. Alitaka kulifuata, lakini yule mtu akamshika kiwiko, akasema huko hakuna baridi. Wakamwingiza ndani ya gari. Kisha mwenzake akaja kwangu. Aliniuliza mama yuko wapi. Nilisema sijui. Akalitazama tumbo langu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mzigo na kukisia uzito wake.

"Wewe ni mtoto yake?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi ambia yeye, sisi tutarudi."

Vumbi lilipotulia nililichukua lile shati nikaliingiza ndani. Sikujua kwa nini. Niliona tu halifai kubaki nje.

Mtoto alikuja siku chache baadaye, alasiri. Wakunga wawili walioitwa hawakuja. Nyumba yetu ilikuwa tayari nyumba ya kuogopwa. Mama alinizalisha mwenyewe, mlango umefungwa, amenipa pindo la kanga nilingate, maana kelele za mwanamke mmoja tu zingetosha kumwambia mpita njia kwamba nyumba ina watu. Nilijifungua mtoto wa kike bila kutoa sauti. Alipolia yeye, mama alimfunika mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa haraka na kuanza kulia mwenyewe. Sikuwahi kumwona mama akilia, hata alipomzika baba.

Mtu aliyetuletea habari alikuwa mtoto wa kaka yake mama, askari kwenye kambi ya Arua. Alikuja kwa baiskeli akiwa amevaa kanzu, na hakukubali kuketi.

"Shangazi, jina lako iko kwa mdomo ya watu. Vuka Zaire leo. Kesho mimi sijui."

"Shemeji yangu yuko hai?"

Aliangalia chini. "Iko. Lakini wanapiga yeye kila siku. Wanataka aseme nani alituma nyinyi."

"Mimi nikivuka, watamwachia?"

Alipanda baiskeli yake akaondoka bila kunywa hata maji.

Mama alichukua muda mrefu kuosha miguu yake. Kisha akaniambia nimfunge mtoto vizuri, tunakwenda Koboko. Nilidhani tunakimbia. Njiani ndipo aliponiambia tunakwenda kwa mama yake yule mkubwa.

Nilikaa kando ya njia. Nilimwambia, "Mama, unatupeleka mdomoni mwa simba."

"Simba naye alizaliwa," alisema. "Inuka. Mwanamke mwenye mtoto mchanga hafukuzwi mlangoni. Ndiyo maana nimekuchukua."

Mlangoni pa nyumba ile ya saruji palikuwa na askari ameketi juu ya kreti ya soda, bunduki mapajani. Mama alimsalimu kwa ile sauti ya kambini. Akamwambia tumeleta mtoto kwa haboba, amwombee dua. Haboba ndilo neno letu la kumwita bibi. Askari alimtazama mtoto, akatupisha.

Yule bibi alikuwa mdogo wa mwili, macho yameingiwa na ukungu. Alikuwa peke yake sebuleni, katikati ya makochi mapya ambayo bado yalikuwa na nailoni, ameketi chini kwenye mkeka. Tulisalimiana kwa Kinubi, salamu ndefu, za afya na za mvua. Alimpokea mtoto akamweka kifuani. Mama ndipo akasema sisi ni wa Lurujo, wa ukoo gani, na kwamba shemeji yake amechukuliwa kwa ajili ya malisho.

Bibi hakuinua uso. Niliutazama mlango. Kivuli cha askari kilikuwa pale pale kizingitini, nami nilikuwa nikifikiri nikimnyang'anya mtoto nitakimbia upande gani.

"Malisho gani?" aliuliza bibi. "Yale ya chemchemi?"

"Ndiyo, haboba."

Alimpapasa mtoto mgongoni. Kisha akaongea kwa sauti ndogo sana. Alisema alipofiwa na mume akiwa msichana, ndugu za mume walimfukuza na mtoto mgongoni. Babu yangu, baba mkwe wa mama, ndiye aliyempa mahali pa kulima kando ya bonde lile, bila kumwuliza chochote, na alilima pale hadi mtoto alipopata nguvu za kwenda jeshini.

"Mtoto huyo ndiye huyu mkubwa wa leo," alisema. "Alikunywa maji yale."

Mama akamwambia, "Basi mwambie."

Bibi alimrudishia mama mtoto. Nilichokiona usoni mwake sikukitarajia. Alikuwa amegeuza kichwa kuutazama mlango, kama mimi.

"Binti yangu," alisema, "unadhani mimi simwogopi? Akija hapa na wenzake mimi hujifanya nimelala." Akavuta pumzi. "Nendeni. Mimi chakula chake sitakila tena mpaka mtu wenu arudi. Huo ndio uwezo wangu. Mwingine sina."

Hatukujua kama alitimiza. Hatukuthubutu kwenda kuuliza. Tulipitia vichochoroni tukapanda lori la tumbaku hadi Arua, na mama akaanza kuishi nasi Oli, katika chumba kile kimoja, akilala nyuma ya pazia. Mume wangu hakulalamika. Lakini usiku nilimsikia akigeuka, na akigeuka, nami nilijua anawaza kile ninachowaza.

Baba mdogo alirudi. Walimtupa barabarani karibu na Koboko asubuhi moja, na wauza mihogo wakamfunika kwa gunia. Sikio moja halikusikia tena, na mkono wake wa kulia haukufika juu ya bega. Hakusimulia lolote. Mke wake aliniambia alichouliza kwanza ni kama ufuta ulivunwa.

Vigingi havikupigiliwa tena, wala ua wa seng'enge haukujengwa. Hakuna aliyetutangazia kwamba tumeshinda, na mkubwa hakuomba radhi. Wakati mwingine ng'ombe wake waliletwa malishoni, wakachanganyika na wetu, na watu wakajifanya hawawajui. Makaburi yalibaki. Lakini mama alipelekewa neno kwamba asionekane Lurujo, na aliyeleta neno hilo alikuja dukani kwa mume wangu kama mteja. Alipimwa suruali, akaongea habari za mpira. Alipokuwa akitoka akasema, "Mama mkwe iko salama pale nyuma ya pazia?" Suruali ilishonwa na haikufuatwa. Ilining'inia ukutani mwaka mzima, mume wangu akiogopa kuiuza na akiogopa kuitupa.

Hata hivyo, mvua za kwanza zilipoanza, mama aliondoka kila mwaka kabla ya kupambazuka akiwa amejifunika kama mgonjwa, akaenda kupanda ulezi kando ya bonde pamoja na shemeji yake, akarudi. Nilimsihi aache. Aliniambia shamba lisilolimwa huota mwenyewe mwingine. Siku alizokuwa huko sikuweza kula. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na daraja la Oli lilinisimamisha.

Kisha vita vikaja kutoka kusini. Mwaka ule wa mwisho wa serikali ile askari walipita Arua wakikimbilia kaskazini, wengine bila viatu, na nyuma yao ikaja habari kwamba jeshi jipya linakuja kulipiza kisasi kwetu sote wa West Nile, kwa kuwa rais aliyeangushwa alikuwa wa mkoa wetu, mwenye bunduki na asiye nayo. Tulifunga mizigo tukarudi Lurujo, na kutoka pale tukajiunga na watu waliokuwa wakielekea mpaka wa Sudan. Mkubwa alikuwa amekwisha kupita na magari yake.

Mama yake tulimkuta kando ya njia, ameketi juu ya bonge la nguo. Gari lilijaa, alisema. Waliahidi kurudi. Watu walikuwa wakimpita, na wengi walimjua ni nani, na ni mama wa nani. Mama yangu alisimama, lakini alikuwa na mwanangu mgongoni na mzigo kichwani, nami nilikuwa na mimba nyingine. Tulimtazama tu. Nakumbuka nilitamani twende.

Baba mdogo alikuwa nyuma akisukuma baiskeli iliyobeba magunia mawili ya ulezi. Alifika, akamtazama bibi, akatutazama sisi. Alilifungua gunia moja kutoka kwenye baiskeli kwa mkono wake wa kushoto akaliacha pale pale majanini. Kisha akamwambia mume wangu amsaidie, wakampakia bibi kwenye kiti cha nyuma, wakamfunga kiunoni kwa kamba ya mbuzi asianguke.

Bibi alimwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Alikuwa upande wa sikio lisilosikia. Hakujibu, akaanza kusukuma. Mama alimjibu kwa niaba yake, akataja ukoo wetu. Bibi akafunga macho yake yenye ukungu, akapapasa akitafuta pa kushika, kisha akalishika shati la baba mdogo. Hivyo tulikwenda hadi mtoni, mpakani, na milio ya mizinga ilisikika nyuma yetu, mbali bado, upande wa Arua.