Viti vya Matanga ya Mama

Siku ile uani tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu wa kike, nyanya mzaa mama, mjomba aliyetoka Njukini, na fundi seremala wa nyumba ya pili. Mama tulikuwa tumemzika jana yake. Baba alishatangulia. Nimewakumbuka wote juzi, nilipoenda matanga hapa hapa Kaloleni, Voi, nikakuta viti vya plastiki vya kukodi. Jioni lori lilivibeba, vizima kwa vibovu, na hakuna aliyejali.

Zamani, rafiki yangu, viti vya matanga viliazimwa nyumba kwa nyumba. Vilikuwa vya mbao, na chini ya kitako kila mwenyewe alitia alama yake kwa rangi. Vile vya matanga ya mama vilinyeshewa, mvua ile ambayo Voi huisubiri mpaka ikate tamaa. Watu wazito wakavikalia vikiwa vimelowa. Vingine vililegea viungo, vingine vikavunjika miguu, na vanishi ikatoka malengelenge.

Mjomba alitaka kuondoka na wadogo zangu siku hiyo hiyo. Nyanya akamsihi. "Haya," mjomba akaniambia, "nitarudi tukishavuna. Nikikuta nyumba imesimama, watakaa nawe."

Sikurudi shule. Nilishinda kwa fundi, katika harufu ya gundi na vumbi la mbao, honi ya treni ikipiga kule stesheni. Alinifundisha kukwangua vanishi kwa kipande cha chupa, kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kukaza kiungo kwa mpira wa tyubu hadi gundi ikauke. "Kiti cha watu hakirudi na kilema," alikuwa akisema. Wapita njia walinicheka: "Msichana na randa! Utaolewa na mbao wewe?" Jirani yetu mama mmoja, nilipompelekea chake, alikigeuza akaitazama alama, akaangua kicheko. "Kweli hiki ni changu? Mbona mimi nazeeka, chenyewe kinarudi ujana?"

Jioni nyanya alitupikia kimanga cha muhogo na maharagwe, tukala tumekalia viti vya watu.

Lakini mbao ya kuunga mguu lazima iwe kavu. Mbichi hunywea, kiungo kikalegea tena. Kavu ya kununua hatukuiweza. Nyumbani kulikuwa na viti vya baba, vya mvule, na meza yake. Nikachukua mguu mmoja. Kisha egemeo. Kisha meza yote. Kila kiti kilichorudi kwa mwenyewe kilitoka na kipande cha nyumba yetu.

Mjomba alikuja nimeshavirudisha vyote. Alisimama mlangoni na gunia la mahindi begani, akizungusha macho. Kitindamimba akamtandikia mkeka, akaupigapiga vumbi. "Karibu, mjomba, keti."

Hakuketi. "Mnakaa wapi nyinyi?"

"Chini," mdogo wangu akajibu, kwa furaha kabisa.

Nikamweleza habari za viti vya majirani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema, na bado akawachukua wadogo zangu.

Leo ningefanya vile vile, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nyanya alikufa, fundi alikufa. Nina karakana yangu; watu huniletea makabati ya wazee wao niyafufue, kisha huona afadhali wanunue mapya na hawarudi kuyachukua. Hakuna tena anayegonga mlango kuazima kiti.

Mwezi uliopita kitindamimba alinitembelea. Ni mama wa watoto sasa. Alisimama nje mpaka nikamkaribisha, akanywa chai, akanishukuru kama mgeni anavyoshukuru. Siku ile ya kuondoka alikuwa ameng'ang'ania sketi yangu, nami nikamwahidi kwamba mvua zikianza nitamfuata Njukini nimrudishe nyumbani. Mvua zimekuja na kwenda miaka yote hii. Hajawahi kunidai. Nami sijalipa.