Kinyesi Kilichotiwa Manukato

Jumatatu saa tatu asubuhi, mama mmoja kutoka milimani aliweka chupa ya kinyesi cha ndama kwenye kaunta ya maabara ya mifugo, Morogoro mjini. Ndama wake mmoja alikuwa amekufa kwa kuhara. Wa pili alikuwa ameanza jana yake.

Kijana wa maabara alifungua kifuniko, akarudisha kichwa nyuma.

“Mama, ndama wako anakunywa marashi?”

“Nimekitia dawa ya chooni, mwanangu. Ningepandaje gari nikinuka mavi mbele za watu?”

“Dawa hiyo inaua kirusi tunachokitafuta. Hapa nitapima maua tu.”

Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulicheka. Mama hakucheka; alimpigia mumewe.

“Lete kingine. Kilete kama kilivyo!”

Saa sita mume alifika kwa bodaboda. Dereva alikuwa amejiziba pua kwa kola ya shati. Kipimo kikaonyesha kirusi cha rota.

“Si ile rota wanayochanjwa watoto kliniki?” mama aliuliza.

“Ndama nao wana ya kwao. Sindano haikiui. Huyo mgonjwa mtenge na wenzake, mpe maji ya chumvi na sukari, na maziwa usimnyime.”

“Maziwa nilishamkatia, ili kuhara kukome.”

“Mrudishie leo hii.”

Ndivyo tulivyo. Hata ugonjwa tunaupamba kwanza ndipo tuupeleke kwa mtaalamu, kisha tunashangaa asipouona.

Ijumaa nilimpigia mama simu, kwa namba aliyoniachia pale foleni. Ndama alikuwa amesimama, ananyonya.