Matanga ya muzee wa kwenye tele

Leo mama yangu amezima tele katikati ya epizodi. Katikati!

Ni ile seri ya wafu wanaoamuka na kukula watu. Mama anasema ni mambo ya shetani, lakini hakosi hata siku moja.

Leo muzee mupishi, yule anayegawia wote chakula, ameumwa na mufu. Akakufa. Wenzake wakamuacha njiani, wakakimbia.

Mama akafunga kitambaa kichwani. "Hatuendelei. Hata mutu mumoja hajamulilia!"

Nikacheka. Yeye akaanza kulia. Kwa sauti!

Jirani yetu Mama Furaha akaingia mbio. "Pole, mama! Nani amekufa?"

Nikaona haya, jamani.

Mama akamuonyesha tele. "Papa mumoja, muzee wa humu ndani. Wamemuacha bila matanga."

Mama Furaha akavua viatu, akakaa chini. "Alikuwa mutu muzuri?"

"Sana. Alikuwa anakula wa mwisho."

Wakalia wote wawili.

Sasa tele itafungwa siku tatu za matanga. Wenye mumeona mwisho, munyamaze kwanza!

Nimemuomba mama nione tu kama muzee ataamuka.

"Hataamuka," amesema. "Wanaamuka wale wenye hakuna mutu aliwalilia. Yule, sisi tumemulilia."