Shingo Iliyokataa Kupona

Asubuhi ile tulikuwa wanne. Mume wangu, mwenye shingo. Mimi, mke wa nyumba kubwa. Mke mwenzangu wa nyumba ndogo, mtoto wa kaka yake mama mkwe, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumgusa. Na mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa akitibu watu kwa chuma cha moto. Majina yote ninayo, mpaka ya mbuzi, lakini wajukuu wao wako hapa hapa Garissa, kwa hiyo siyaandiki.

Ilikuwa kabla ya Uhuru. Mume wangu alikuwa akinunua ngozi za mbuzi upande wa Modogashe, na alikuwa na pikipiki aliyouziwa na Mzungu mmoja mchimba visima aliyekuwa akirudi kwao. Siku moja ilimtupa ndani ya laga, kwenye mchanga wa mto mkavu, na shingo ikakauka. Akitaka kutazama pembeni ilibidi ageuke mwili mzima, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Na njia ile, ngamia wanatoka vichakani bila salamu.

Akasema anahitaji macho mengine. Mtu akae nyuma, akiona ngamia kulia ampige bega la kulia, kushoto bega la kushoto. Mimi nikaanza kutafuta mtandio mzuri. Yeye akamwita mke mdogo.

"Wewe una watoto," akaniambia. "Na pikipiki inarusha."

Kazi yangu ikawa kumkanda kwa samli kila alfajiri. Nilikanda, wallahi, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu shingo ikipona, yule anashuka. Jioni walirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mdogo bado anacheka.

"Abaayo, dada yangu, leo ngamia walikuwa wengi. Mkono umechoka."

"Pole. Wangu umechoka na shingo, wako umechoka na bega. Tugawane samli."

Miezi mitatu ikapita, na mume wangu bado anaguna nikimgusa. Halafu siku moja alikuwa anafunga ngozi uani, mdogo akacheka huko nyuma yake. Akageuka. Kichwa peke yake, haraka, mpaka kidevu kikafika begani. Samli yake ilikuwa bado iko mikononi mwangu.

Nilituma mjomba aitwe.

Alikuja kesho yake, akaweka chuma kwenye makaa. Mume wangu akakaa mkekani, anakitazama kinavyokuwa chekundu.

"Baba watoto," nikamwambia kwa upole, "kama imepona sema tu. Mjomba atakunywa chai aende zake."

Mdogo alijifunika mdomo na mtandio. Mume wangu akamtazama kwa pembe ya jicho. Shingo haikusogea hata kidogo.

"Inauma," akasema.

"Wapi, mwanangu?" mjomba akauliza.

"Popote. Choma."

Alichomwa mara mbili, chini ya nywele. Hakutoa sauti. Mimi ndiye niliyetoka nje, nikajifanya naangalia maziwa. Wiki iliyofuata walipanda pikipiki tena, wote wawili, mume wangu akiwa na kitambaa shingoni.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoa mpaka alipofariki, na kila mara wembe ulipita kwenye zile alama mbili. Watu wakiuliza, nilisema ni ugonjwa wa shingo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuungua hata kidole kwa ajili yangu, na hilo sijalisahau.

Labda nimekosea. Labda alama zilikuwa tatu, au siku ile aligeuka na maumivu yake, mimi sikuyaona. Nyinyi wa nyumba ndogo mnaosoma hapa, kama bibi yenu aliwaambia kwamba shingo ilikuwa inauma kweli, njooni mniambie. Nitayafuta haya yote kwa mkono wangu.