Kibao cha Bi. Shirin

Najua mlioko Mjini mshaisikia, tena ishatiwa chumvi, basi bora mnisikie mie mwenyewe, maana aibu ile nshaivaa na haivuki.

Mie mwalimu wa uchoraji, nakaa Amani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia habari za mzungu mmoja wa karne ya kumi na tisa, kazi yake kuchonga picha za vitabu (zamani picha ilichongwa kwanza kwenye ubao, kinyumenyume, kisha ubao ukapakwa wino na kupigwa chapa). Alianza akiwa mtoto, akachonga misikiti na bandari za nchi ambazo hakuzikanyaga, akitazama michoro ya wasafiri tu, mpaka macho yakamharibika. Halafu picha za kamera zikaingia vitabuni, kazi ikakatika, akafa kipofu kwenye nyumba ya maskini. Kibao chake cha mwisho kilikuwa cha nyumba moja ya Kiponda, hapa hapa Mjini, mwanamke kasimama roshani. Mchapishaji alifilisika, kitabu hakikutoka, kibao hakikuchapwa. Babu yake Bi. Shirin, mama mmoja mtu mzima wa hiyo hiyo Kiponda, alikikuta huko Ulaya kwenye duka la vikuukuu, akaujua mlango wa kwao, akakirejesha nyumbani. Wenyewe wanasema yule mwanamke ni bibi yake huyo babu, na sura yake hawanayo pahala pengine popote.

Nilipoalikwa kumzungumzia mchongaji huyu kwenye ukumbi mmoja Shangani, nilikwenda kukiazima.

"Chukua mwanangu," Bi. Shirin akanambia, "lakini watu wakitazame tu. Kizee hicho, kama mie."

Siku yenyewe nikabeba na mashine yangu ndogo ya kuchapia (ya kuonyesha tu, wallahi). Nikaeleza hata namna vibao vile vilivyoungwa kwa vipande vidogo vidogo. Nilipofika kwenye kifo chake mama mmoja akajifuta machozi, na mie kichwa kikavimba, nikasema, "Jamani, marehemu hakuwahi kuiona picha hii kwenye karatasi. Tumchapie leo?"

Makofi! Bi. Shirin, mbele kabisa na mtandio wake mweupe, akainuka nusu. "Mwalimu, si tulisemezana..."

"Moja tu, Bi. Shirin," nikamjibu huku nnacheka, na mbele ya watu wote wale angesema nini? Akakaa.

Karatasi ikatoka imefifia. Mtu nyuma akauliza, "Mbona huyo mwanamke haonekani?" Hapo ningeacha, lakini wapi, nikakaza mashine, nikaivuta kwa mwili mzima, ikalia ka! kama mfupa. Kibao kikaachana. Nikaparamia kukitoa, kiwiko kikapiga kopo la wino, vipande vikaanguka, nikarudi nyuma kuvitafuta na nikasikia kitu kinasagika chini ya kiatu changu.

Ilikuwa roshani.

Kuna waliocheka, wakidhani ni mchezo. Kuna waliopiga video. Bi. Shirin alikuwa keshapiga magoti, anaokota chembechembe kwenye wino, mtandio wote mweusi, nami nikainama kumsaidia.

"Niachie," akasema. "We niachie tu."

Seremala alikiunga. Nyumba imerudi, mlango umerudi, lakini pale penye uso pana shimo lililojaa gundi. Nilikipeleka na mama yangu mzazi, maana peke yangu nisingeweza. Bi. Shirin akatukaribisha chai, akauliza wanafunzi wangu hawajambo, akasifu khanga ya mama, kibao hakukitaja hata kidogo. Nilitamani anitukane. Tulipofika mlangoni akamshika mama mkono.

"Mie nshamsamehe mwanao. Ila usimlete tena."

Mama akatangulia mbele, mie nikamfuata nyuma mpaka nyumbani.

Sichapi tena mbele za watu, hilo nimeapa. Na mtu akiinuka nusu, akasita, asimalize neno lake, mie nasimama hapo hapo nasubiri alimalize.