Ukuta wa Daimu

Daimu aliporudi kutoka Lindi, shingoni ana kovu la mnyororo, kijijini kwake bondeni Mpitimbi hapakuwa na wa kumpa hata pole. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Wadachi walichoma maghala, njaa ikamalizia kazi. Wachache waliopona walihamia mlimani. Nyumba yake tu ndiyo iliyosimama, mlango wake wa mianzi ukiutazama mto, kama mgeni aliyesahauliwa karamuni.

Shemeji yake, Chiku, aliyeshuka kutoka mlimani, ndiye aliyemweleza: mkewe Mwamvua aliondoka na wenzake kwenda Tunduru kutafuta chakula. Aliacha neno moja, kwamba Daimu akirudi amngoje palepale, maana yeye nyumba nyingine haijui.

Basi akangoja. Shida ilikuwa mto: kila masika ulifura, na nyumba ilikuwa ya udongo.

Ila Daimu alijiona fundi wa maji. Kule Lindi wafungwa walijengeshwa ukuta wa kuzuia bahari, iliyokuwa ikila ufuko na kuyanyemelea maghala ya forodha. Yeye aliwekwa upande wa baharini, maji kiunoni, akipandisha mawe. Aliona wimbi likija na mbwembwe zake, likigonga ukuta, likirudi lilikotoka. Tangu maji ya dawa yamdanganye vitani, hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiamini.

Akakusanya mawe ya mtoni na udongo wa kichuguu, akajenga ukuta wa kufika kifuani, ukaikumbatia nyumba upande wa mto na ubavuni kote kuwili. Nyuma, kwenye mlima, aliacha wazi. Bahari haiji kwa mlango wa nyuma. Siku nzima aliongea na mawe, na mawe, kwa heshima zao, hayakumkatiza.

Siku moja moja Chiku alishuka na kibuyu cha uji.

"Shemeji, hiyo bahari yako inafika lini? Nijue nipike kiasi gani."

Daimu akamjibu acheke tu, Mwamvua ataikuta nyumba.

Mvua zikaja. Mto ukafura, ukaugonga ukuta, ukarudi na aibu yake. Daimu akacheka peke yake, na kicheko cha mtu mmoja huisha upesi. Ndipo akasikia maji nyuma. Yalishuka mlimani, kwenye mashamba yasiyopigwa matuta tangu njaa, yakajaa uani, yakafika ukutani, yakakosa pa kutokea. Ukuta uliyashika vizuri mno, kama chungu. Kule Lindi, upande wa mjini, palichimbwa mifereji na matundu ya kuyatoa maji ya mvua. Lakini nani angemfungua mfungwa mnyororo akatembee mjini?

Chiku akaja mbio na jembe, akamwambia abomoe.

"Nikibomoa, mto unaingia."

"Nyumba inayeyuka, shemeji. Itazame."

Akabomoa. Maji yakatoka kwa kishindo, yakatoka na nyumba.

Kulipokauka, ulibaki ukuta wenye pengo, na mlango wa mianzi umenasa matopeni. Chiku akamwambia kibanda kipo kwake mlimani, apande.

"Mwamvua ataniulizia wapi?"

Chiku akashika upande mmoja wa mlango, wakauvuta kutoka matopeni.

Daimu akauosha mlango, akausimamisha kwenye pengo, uso kwa mto, akaufunga upande mmoja kwa kamba za magome. Akakubali kulala mlimani. Ila kila asubuhi hushuka, huufungua, hukaa kando yake juu ya jiwe. Jioni huurudishia taratibu, bila kuukaza.